MAJI YA KUOGA YANAKWENDA WAPI?

Ndugu msomaji, leo nakuomba tuzunguke nyuma ya nyumba yako. Sebuleni tumekwisha kukaa mara nyingi. Viti vyako ni vizuri na picha zimetundikwa sawasawa ukutani. Lakini leo nataka tutazame mahali unapoogea wewe na bibi yako, watoto wako na wazee wako. Usione haya. Nitakuonyesha kwanza bafu langu mwenyewe, nawe utaona kwamba sina la kujivunia.

Kwetu ni bonde la Kilombero, upande wa Ifakara. Anayepajua hana haja ya kuelezwa joto lake. Joto la Dodoma ni kavu: jasho likitoka hukauka mara moja, na kule kukauka ndiko kunakoupoza mwili. Huku kwetu, kama ilivyo pwani yote, hewa imekwisha kushiba maji. Jasho linatoka, lakini halina mahali pa kwenda. Linakaa juu ya ngozi na shati linagandamana na mgongo. Ndiyo sababu mtu wa huku huoga asubuhi na kuoga tena jioni, na asiyeoga jioni hugeuka-geuka kitandani mpaka majogoo.

Basi tupige hesabu. Nyumbani tu watu 6. Kila mtu hutumia nusu debe kwa kuoga, yaani lita 10 hivi, na huoga mara mbili. Hizo ni lita 120 kwa siku, zote zinamwagwa mahali pamoja, leo, kesho na keshokutwa, masika na kiangazi. Watu huniuliza habari za bomba, ndoo na tangi: maji yatoke wapi? Mimi siku hizi nauliza kinyume chake. Yakishamwagika, yanakwenda wapi?

Bafu letu la kwanza lilikuwa ua wa makuti na mawe manne bapa ya kusimamia. Maji yalikimbilia popote yalipotaka. Mwaka mmoja mpunga ulipotupa fedha ya kutosha, niliamua kujenga bafu la kisasa. Nikachoma matofali, nikanunua simenti, nikamwita fundi. Nilimwambia ukuta upande mpaka juu kabisa, mabati yafunike pote, mlango uwe wa mbao, na sakafu ipigwe niru yenye rangi nyekundu, ing'ae kama ile niliyoiona katika nyumba moja ya mjini. Fundi aliniuliza kama nina hakika juu ya ile niru. Nikamjibu kwamba mwenye fedha ni mimi. Fundi hakukosea, alifanya kama nilivyomwamuru.

Mwaka wa kwanza wageni walilisifu. Mwaka wa pili pembe zikaota ukungu mweusi, mlango ukaoza upande wa chini, na nyuma ya ukuta pakawa na dimbwi lisilokauka ambapo bata walijifanyia makao. Sakafu ikafanya koga nyembamba ya kijani usiyoweza kuiona jioni. Siku moja ya masika, jua likiwa limekwisha kutua, mama yangu mzazi aliingia kuoga. Tulisikia ndoo ikianguka, kisha hatukusikia kitu. Alikuwa amevunjika nyonga. Alilala miezi mingi, na leo anatembea kwa fimbo, yeye aliyekuwa akipalilia mpunga kunishinda mimi.

Alipopata nafuu hakunilaumu. Alisema tu, "Mwanangu, sakafu yako ni nzuri, lakini ni ya kutazama." Neno hilo liliniuma kuliko lawama. Nikaanza kuwauliza mafundi na mabwana afya, na kuyatazama mabafu ya watu, jambo ambalo lilinifanya nionekane nimepungukiwa akili. Hayo niliyojifunza ndiyo ninayokuandikia.

SAKAFU

Niru iache sebuleni. Bafuni ni mtego, kwa sababu maji na sabuni juu ya kitu laini ni kama mafuta. Sakafu ya bafu haifai kung'aa, yafaa ikwaruze kidogo unyayo.

Kama unaanza upya, bafu la futi 4 kwa futi 5 ndani linatosha mtu kujigeuza. Ondoa udongo wa juu, shindilia, panga mawe au vipande vya matofali, kisha mwaga zege la inchi 3. Kipimo chake ni debe 1 la simenti, debe 2 za mchanga, debe 4 za kokoto. Mfuko wa simenti wa kilo 50 ni kama debe mbili, nao mmoja unatosha sakafu ya ukubwa huo. Nunua wa pili kwa ajili ya mfereji na kulipa ukuta. Mchanga uwe wa mtoni. Ninyi wa pwani msichote mchanga wa ufukweni, kwa kuwa chumvi yake hula chuma cha nondo ndani ya zege na kuvuta unyevu ukutani.

Sakafu iiname kuelekea kwenye tundu la kutokea maji, robo inchi kwa kila futi. Kwa futi 5 ni inchi moja na robo tu. Jicho halioni, lakini maji yanaona. Kabla ya kumwaga zege, laza ubao juu ya zile mbao za pembeni, weka juu yake chupa iliyojazwa maji karibu tele, nawe utazame kile kipovu ndani kinakimbilia wapi, maana kipovu hukimbilia juu. Zege likiwa limeanza kushika na maji ya juu yametoweka, pitisha fagio gumu, mistari ifuate mteremko. Mistari hiyo ndiyo itakayomshika mzee wako mguu.

Halafu yako makosa ambayo nimeyaona katika vijiji vingi: watu huacha zege likauke kwa jua kama udongo. Simenti haiwi ngumu kwa kukauka. Huwa ngumu kwa kunywa maji. Ifunike magunia na uyamwagilie maji siku 7, asubuhi na jioni. Ikinyimwa maji itapasuka, na ndani ya nyufa maji machafu yatajipenyeza mpaka kwenye msingi.

Je, kama unayo tayari sakafu ya niru kama yangu? Usiibomoe. Nilichukua tindo na nyundo, nikaiparua yote mpaka ikawa na mashimo-mashimo, nikaiosha, nikapaka uji wa simenti. Juu yake nikaweka simenti kipimo 1 kwa mchanga vipimo 3, unene wa inchi moja upande wa tundu na zaidi ya inchi mbili upande wa juu. Kazi ya siku moja, na mgongo uliniuma siku tatu.

SHIMO

Sasa tumefika penyewe. Sakafu njema inayotupa maji nyuma ya ukuta imehamisha tu taabu. Ukuta wa matofali ya kuchoma hunyonya unyevu kama utambi, na ule wa matofali mabichi huliwa kutoka chini mpaka siku moja uanguke.

Wengine hudhani wamekwisha kupata dawa: wanaoga chooni, maji yaende katika shimo la choo. Nakuomba, ndugu yangu, usifanye hivyo. Kwanza shimo linajaa upesi, na kama halikujengewa ukuta, udongo unalainika na kuporomoka. Pili, unafuga mbu. Mbu wa malaria hupenda zaidi maji yasiyo na uchafu mwingi, kama ya mashamba yetu ya mpunga. Lakini yuko mwingine, mbu wa kuleksi, yule anayepiga kelele sikioni usiku, ambaye hupenda maji mazito ya vyoo na madimbwi ya mabafuni. Huko pwani, tangu Tanga mpaka Mtwara na visiwani, mbu huyo hupitisha kati ya mtu na mtu vijidudu vya matende na mabusha. Wazee wetu walidhani matende hutokana na kurogwa, au kukanyaga mahali pabaya. Kumbe mara nyingi yalitoka hatua kumi nyuma ya nyumba.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, huko Makunduchi, kusini ya kisiwa cha Unguja, wataalamu walijaribu jambo la ajabu. Walichukua chembe nyeupe nyepesi, za namna ile inayokingia vyombo katika maboksi ya redio mpya, wakazimwaga ndani ya vyoo vya shimo vyenye maji. Zikaelea na kufunika maji kama blanketi, viluwiluwi vya mbu vikakosa pumzi. Watu nao walipewa dawa. Mbu wakapungua sana. Nimelitaja si kwa kukutaka utafute chembe hizo, bali uone kwamba mbu hashindwi kwa kupigwa kofi tu. Ukimnyima maji yaliyo wazi, umemnyima nyumba.

Kwa hiyo maji ya kuoga yapate shimo lake yenyewe. Chimba mbali na ukuta hatua nne au tano, mbali na kisima angalau futi 100, na uhakikishe kisima kiko upande wa juu na shimo upande wa chini. Upana wake uwe futi 4, kina futi 5 au 6. Lijaze mawe makubwa chini na madogo juu, weka gunia au nyasi, kisha funika udongo. Maji yaingie kwa bomba au mfereji uliofunikwa, yasionekane tena na jua wala na mbu. Kwenye tundu la sakafu weka wavu wa waya. Utazuia nywele na vipande vya sabuni, na tena vyura, na yule anayewafuata vyura, ambaye hana miguu.

Lakini kabla hujachimba, iulize ardhi. Fanya kishimo cha futi moja, kijaze maji, yakinywewa kijaze mara ya pili. Kama maji ya mara ya pili yametoweka kwa muda wa saa moja au mbili, ardhi yako ni njema. Kama kesho yake asubuhi bado yako, huo ni udongo wa mfinyanzi na shimo la mawe litafurika. Vivyo hivyo katika nchi ya bondeni kama yetu, ambako masika maji ya ardhi hupanda karibu kabisa. Shimo refu hapo si shimo, ni kisima kichafu.

Mimi nilijaribu, nikashindwa, nikafanya hivi. Nilichimba beseni pana la futi 6, kina chake futi 2 tu, nikalijaza majani makavu, mabua na takataka za shambani, nikapanda migomba mitano kuzunguka kingo. Maji huingia chini ya majani. Mgomba ni mlevi wa maji, hunywa mchana kutwa na kuyatoa kwa majani yake. Majani ya beseni yakioza huongeza mengine juu. Usipande mchicha wala nyanya hapo, kwa kuwa vitagusana na maji machafu. Ndizi iko juu na ina ganda.

HEWA NA JUA

Bafu langu la kwanza lilikuwa sanduku. Nilidhani kufunga ndiyo heshima. Katika nchi ya unyevu, chumba kisichopitisha hewa hakikauki kamwe, na palipo na unyevu usiku na mchana ndipo ukungu unapoota ukutani na fangasi kati ya vidole vya miguu. Nililiondoa bati la nusu ya paa, upande wa mashariki, jua la asubuhi lianguke sakafuni. Nusu iliyobaki inatosha kuning'inizia nguo mvua inaponyesha. Chini ya paa niliacha nafasi ya futi moja pande zote, juu ya kichwa cha mtu mrefu, na chini karibu na sakafu matofali yenye tundu, ili hewa iingie chini na kutokea juu.

Wala heshima haikupungua. Hapa nitasema wazi na akina baba. Mahali penye ua wa makuti yaliyochakaa, mabinti na akina mama hungoja giza ndipo waoge. Wanaoga gizani, wasione nyoka, wasione koga, huku wakisikiliza hatua za wapita njia. Ukuta wa futi 6 na nusu ungewaruhusu kuoga jua likiwako. Mwanamume anayeoga kiguo kiunoni saa kumi mchana hawezi kulijua jambo hili mpaka aambiwe.

Na mlango je? Mbao zilizooza niliziondoa, nikajenga ukuta unaojikunja kama kombe la konokono: unaingia, unageuka, umekwisha kufichika. Hakuna bawaba ya kushika kutu wala ubao wa kuliwa na mchwa. Namna hiyo ya kujenga ilienezwa kwa vyoo vya vijijini katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, tangu miaka ya 1970. Tumia kikohozi kama hodi.

NDOO INAYONYESHA

Sasa ndiyo tuseme habari za bomba la mvua, ambalo labda ulifikiri ningeanza nalo. Vijana wangu walitaka pipa la lita 200 juu ya nguzo za miti. Niliwauliza wanajua uzito wake? Maji peke yake ni kilo 200, sawa na magunia mawili ya kilo mia mia, yamening'inia juu ya kichwa cha bibi yao, juu ya miti inayoliwa na mchwa. Mwenye kutaka pipa na alijengee nguzo za matofali na simenti, nje ya ukuta. Pipa likipakwa rangi nyeusi litapata vuguvugu la jioni bila kuni.

Sisi tulichukua ndoo ya plastiki ya lita 20 yenye kifuniko. Chini yake tulitoboa tundu, tukafunga koki kwa washa za mpira ndani na nje, na chini ya koki kopo lililotobolewa matundu madogo kwa msumari mwembamba. Ndoo inavutwa kwa kamba inayopita katika kapi lililofungwa kwenye bomba la chuma juu ya ukuta. Kamba ya katani huoza upesi kwa unyevu, tumia ya nailoni na uitazame kila mwaka. Tena tuliongeza mnyororo mfupi wa kuishikilia ndoo ikishafika juu, futi 7 kutoka sakafuni. Kamba ikikatika, mnyororo upo. Mtu asisimame chini ndoo inapovutwa. Na ndoo isijazwe tele: lita 10 zinatosha, mradi ufunge koki wakati wa kujipaka sabuni. Bomba la mvua la nyumba za mjini humwaga lita 10 hivi kwa dakika moja tu.

Pipa au ndoo ya akiba, ifunike daima. Yuko mbu mwingine, mweusi mwenye madoa meupe, anayeuma mchana na kutaga katika maji safi ya vyombo. Ndiye alileta homa ya dengi Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019.

Jirani yangu mmoja, tangu umeme ufike kijijini, anataka bomba lile la kuchemsha maji kwa umeme juu ya kichwa. Kwa watu wa Njombe nimeelewa. Kuoga maji ya moto Ifakara ni sawa na kuota moto saa sita mchana, na waya uliofungwa vibaya penye maji huua. Hilo sitaliandika zaidi.

Ukiwa na mzee, mgonjwa au mjamzito nyumbani, ongeza vitu viwili. Jenga kiti cha matofali pembeni, urefu wa inchi 17 hivi, kiiname kidogo mbele maji yasitulie juu yake. Na chomeka ukutani kipande cha bomba la chuma cha kushikia, usawa wa kiuno, kipigiliwe wakati wa kujenga, wala si kuchongewa baadaye. Mwenye matende kiti hicho kitamfaa kuliko wote. Kuosha mguu kila siku kwa maji na sabuni, na kuukausha vizuri kati ya vidole, huzuia vidonda na zile homa za kuvimba zinazomrudia. Hawezi kuyafanya hayo akiwa amesimama kwa mguu mmoja juu ya jiwe lenye koga.

Fedha ikiwa kidogo, fuata mpango huu, usiugeuze: kwanza sakafu na mahali pa maji, kisha ukuta wa kumficha mtu, ndoo mwisho. Wengi huanza na ndoo kwa kuwa ndiyo inayoonekana.

Mama hakuliamini bafu jipya. Wiki nzima alioga chumbani kwa beseni. Kisha Jumapili moja baada ya Misa alikuja na fimbo yake, akagonga sakafu, akavua kiatu kimoja akaisugua kwa unyayo, akaamuru mjukuu amwage maji ya sabuni, akaisugua tena. Akashika lile bomba la ukutani akalitikisa kwa nguvu zote. Halafu akatuambia sote tuondoke. Alikaa humo mpaka tukaanza kuwa na wasiwasi, na mjukuu alipokohoa mlangoni aliambiwa aongeze maji katika ndoo.

Sasa mama watoto anataka maji ya vyombo yaelekezwe kwenye migomba ile ile. Nimemwambia mafuta ya sufuria yatayafunga majani yawe kama turubai, maji yatuame juu. Amenijibu kwamba, kama ni hivyo, nichimbe beseni la pili lenye kishimo cha kunasia mafuta kabla. Migomba mitatu nimekwisha kuomba kwa jirani, na Jumamosi hii ninachimba.